Andika Kama Ilivyo

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Edward kanirudishia mwongozo tena! Bosi wangu huyu ana mdomo. Eti hakuna mkulima anayeamka asubuhi na hamu ya kujua menyu iko wapi. Mkulima anataka mbegu za viazi. Basi nimfundishe kupata mbegu, si kubonyezabonyeza. Usajili kwenye programu yetu ya simu unafungwa Alhamisi jioni. Wakishindwa tena kujisajili, kazi sina.

Nimefuta yote. Nimemtunga mkulima mmoja, Vestina, namfuata toka anafungua simu mpaka anapata mgao wake. Programu haikubali namba ya uongo, nikaweka yangu ili nipige picha za skrini. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: ANDIKA KAMA ILIVYO. USIRUKE HATUA. Maana watu wa huku kwa kuruka hatua, mh!

Jumatano, 6 Novemba

Wanaufuata! Umebandikwa kila ofisi ya kijiji, vikundi vyote vinautumiana. Mama kapiga kutoka Igwachanya. Kajisajili mwenyewe, hakumwita mtu! Kasema kaandika kila neno nililoandika, hakuacha kitu. Matuta yake yako tayari, anasubiri mbegu tu. Nimelia hapahapa ofisini, kwa furaha, na sijali nani kaniona.

Alhamisi, 7 Novemba

Usiku huu siwezi kula. Jioni, usajili umeshafungwa, programu ikaanza kutuma uthibitisho, na meseji zikamiminika kwenye simu yangu. "Vestina, umesajiliwa." Nikadhani ni mabaki ya majaribio yangu. Ikaja nyingine. Nyingine tena. Simu inatetemeka mezani mpaka chai inamwagika.

Nikafungua mwongozo. Andika Vestina. Andika namba hii. Hakuna mahali — hakuna! — niliposema weka jina lako.

Nikampigia mama. Akashangaa nauliza nini. Si kila mwaka kikundi kinaandikishwa kwa jina la katibu? Alijua Vestina ndiye katibu wa safari hii. Wenzake wote walijua hivyo, na walifurahi kupewa mwanamke.

Mungu wangu, nimefanya nini?

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemlilia Edward aifungue orodha. Kasema haiko kwake tena, iko kwa wenye mbegu. Jina moja, mgao mmoja. Zinazobaki zinapelekwa wilaya nyingine. Na mvua hiyo, mawingu yameshajikusanya.

Hakufoka hata. Kasema tu kesho wakija kuchukua mbegu ghalani Lyamkena, mimi ndiye nitakayewaambia. Bora angenitukana.

Mama kapiga. Nimeiacha simu ikaita.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nje ya ghala, mgongo ukutani. Wamejaa, magunia matupu kwapani. Nilitaka kusema walipokuwa wachache — nikaishia kuwaonyesha pa kukaa. Sasa wanazidi kushuka kwenye bodaboda. Kamwene, kamwene! Wananisalimia, wananishika mkono, wananishukuru kwa maelezo yaliyonyooka. Natamani ardhi inimeze.

Mama kafika. Kavaa kitenge cha kanisani. Kakaa pembeni yangu, kaniletea viazi vya kuchemsha, anamwonyesha jirani yake Telesia: huyu ndiye aliyeandika, huyu mwanangu.

Edward ananitazama toka mlangoni. Nasimama. Nawaambia. Sasa hivi —

Romanus, mtunza stoo, kafungua orodha. Kaita jina: Vestina!

Wameinuka wote. Mama ananivuta mkono. Inuka, mwanangu, tumeitwa.