Chupa Kutoka Bonde la Spey

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefua mapazia. Maharagwe nimechambua nusu gunia, mgongo umekufa. Chupa imefika. Ameituma Eric, mchumba wa binti yangu Aline. Yuko Uskoti, milimani, bonde la mto Spey. Bonde zima, anasema, kazi ni kutengeneza wiski tu. Hii ni ya pipa alilolitunza mwenyewe. Ombi lake moja: Jumamosi, siku ya posa, baba mkwe awafungulie wazee wake.
Mume wangu ana miaka minne hajagusa pombe. Aline hakumwambia Eric. Aliona aibu. Nami nikanyamaza.

Jumanne, 5 Agosti
Anayekaribisha huonja kwanza, wageni waone kinywaji ni salama. Ndivyo kwetu. Nimemwomba shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, amimine na kuonja yeye. Kakubali. Nimepumua.

Alhamisi, 7 Agosti
Baba Aline ameitoa chupa kabatini. Kasoma maandishi yote, mbele na nyuma. Kairudisha. Natamani kuivunja. Zawadi ya mkwe, naivunjaje?

Jumamosi, 9 Agosti
Mtaa wote wa Kinyinya ulikuwa kwetu. Shemeji kainuka na chupa. Mjomba wa Eric akamzuia, anacheka: "Hapana, mzee! Mwenye nyumba iko hapa. Yeye ndiye aonje." Makofi. Eric, aliyewasili jana kutoka Uskoti, anatabasamu. Aline akatazama chini.
Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Kwamba mume wangu alikuwa mlevi?
Baba Aline kamimina kidogo. Kaonja. "Ni nzuri, mwanangu." Vigelegele. Mimi nimeng'ang'ania kiti. Najichukia.
Posa imekubaliwa.

Jumapili, 10 Agosti
Chupa wageni waliimaliza. Nimeitupa. Baba Aline kaenda kanisani, kaimba vizuri. Labda naogopa bure.

Jumatatu, 11 Agosti
Baba Aline kaoga mapema. Kavaa shati la kanisani. Anasema anaenda Remera kununua betri za redio, anarudi sasa hivi.
Redio yetu ni ya umeme.
Nilimtakia safari njema, nikamfungulia geti. Sasa ni saa nane mchana. Chakula chake nimekifunika.