Dakika Kumi za Kushusha Vyombo

Ijumaa, 6 Machi

Tumeanza kazi kwenye ile baa ya ghorofani. Mtaa mzima ni baa tupu, taa za rangi kila mlango. Ijumaa na Jumamosi, tunaanza saa moja jioni. Mpwa wangu ndiye mwimbaji na ndiye aliyeitafuta kazi — lakini mwenye baa alipoambiwa besi inapigwa na nani, alisaini papo hapo! Hakunisimulia mtu. Nilimwona usoni.

Pa kupaki hakuna. Kibao kinasema: kushusha mizigo, dakika kumi. Kumi! Spika ya besi peke yake ina uzito wa ng'ombe mwenye mimba, na ngazi ni nyembamba, zinakata kona mara mbili. Nimeipandisha peke yangu, huku napiga mluzi. Haya, mpiga ngoma alikuwa upande wa pili, lakini yule alikuwa anaipapasa tu.

Nashuka — karatasi ya njano kwenye kioo. Faini! Dakika kumi na mbili tu!

Nimeibandua kabla mpwa hajashuka. Gari ni lake, la mkopo, hata nusu hajamaliza. Akaniuliza, mjomba, gari liko salama pale? Nikamwambia askari wa maegesho wa mtaa huu ni mtu wangu, nilimpigia harusini kwake. Akacheka, akanishika mkono: "Bila wewe mjomba sijui ningekuwa wapi."

Sasa hapo ningesema nini tena?

Jumamosi, 7 Machi

Faini nyingine. Leo nimemfuma askari anaandika. Kumbe ni mwanamke, mfupi, kofia imemkaa kama imepigiliwa misumari. Na mbele yetu lori la bia limesimama toka saa kumi, dereva kalala, miguu dirishani. Nikamuuliza, na hilo je?

"Lile lina kibali cha mizigo, mzee."

Mzee! Nina miaka hamsini na mbili na ninabeba ng'ombe ngazini!

Nikamuuliza na hii spika ni nini, mto wa kulalia? Akanijibu taratibu kama anafundisha chekechea. Mzigo ni kile kinachoingia kikabaki. Vyenu vinaingia na kutoka, kwa hiyo ni vifaa binafsi, havina kibali. Halafu akasema kwani mngeacha dereva garini mngepungukiwa nini? Dereva akiwepo yeye haandiki, anamwambia tu asogee.

"Mimi si dereva. Mimi ni mpiga besi."

"Sawa. Dereva ni nani?"

Nikapanda zangu ngazi. Si kwamba nilishindwa — nilikuwa na hasira.

Kwa hiyo bia ni mzigo, muziki si mzigo. Na hao wanaokunywa hiyo bia wanapanda zile ngazi kumsikiliza nani? Lori? Wimbo wa kwanza nimeupiga vibaya kwa uchungu. Hakuna aliyegundua.

Karatasi zote mbili nimezitumbukiza ndani ya spika ya besi, kuna tundu kwa nyuma. Nani atachungulia humo? Shule niliiacha mapema kwa sababu yaliyobaki nilikuwa nayajua.

Jumatano, 11 Machi

Mazoezi, sebuleni kwa dada, mama yake mpwa. Viti tumevitoa nje. Mpwa akasema Ijumaa twende mapema, halafu mmoja wetu abaki garini wengine washushe vyombo. Hakutaja mtu. Wote wakanitazama mimi!

Nikawaambia yule askari niliyempigia harusini nimeshamalizana naye. Mpiga kinanda, tunamwita Kimya kwa sababu kwa siku anasema maneno mawili, akainua nyusi moja.

Mimi garini sibaki. Naijua hiyo njia. Bendi yetu ya zamani tulikuwa na mpiga tarumbeta, akaanza kwa kushika ufunguo, dakika tano tu. Mara akawa anatumwa maji. Mara analinda makoti. Mwaka ulipoisha, wapya wakawa wanamwita "dereva" na tarumbeta lake lilikuwa nyumbani kwake linawekewa miavuli. Nimeliona kwa macho yangu. Sasa mimi, miaka thelathini kwenye besi? Mimi niliyepiga mbele ya watu elfu kumi, nyuzi mbili zimekatika, umeme umezimika uwanja mzima, na besi ikaendelea kusikika? Waliokuwepo wanajua.

Nimeisoma ile karatasi vizuri. Zikifika tano hazijalipwa, gari linavutwa. Ziko mbili. Mbili si tano.

Ijumaa, 13 Machi

Ya tatu.

Na spika imeanza kukoroma. Nikishuka kwenye noti ya chini kabisa, inasema prrrr. Nimesingizia mbao za jukwaa. Mpiga ngoma anasema hapana, ni spika. Nikamwambia ashughulike na ngozi zake.

Jumamosi, 14 Machi

Ya nne. Nilikimbia ngazi zile mpaka kifua kikawaka, bado nikamkuta anamalizia kubandika.

Wakati wa mapumziko nikaenda kunywa maji. Narudi — mpiga ngoma kapiga magoti nyuma ya spika yangu, bisibisi mdomoni, mkono umezama ndani mpaka kiwiko. "Nimepata kinachokoroma!" anapiga kelele, amefurahi kama mtoto. Akatoa ya kwanza. Akaisoma kwa sauti, namba ya gari, tarehe, kosa. Akatoa ya pili. Ya tatu hakuisoma. Ya nne akanyoosha tu mkono akampa mpwa.

Kimya naye akapata sauti: "Kumbe ndizo kadi za ile harusi."

Wakacheka, wote isipokuwa mpwa. Alizikunja moja moja, akazitia kwenye mkoba. Sehemu ya pili ameimba vizuri kuliko siku zote. Mimi husimama kushoto kwake. Hakugeuka kushoto hata mara moja.

Jumapili, 15 Machi

Nimeitwa kwa dada. Nilidhani nitapewa chai kwanza. Dada hakusubiri nikae. "Wewe mdogo wangu, mtoto anakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya lile gari, wewe unamchezea patapotea ndani ya spika!"

Nikasema nitalipa. Akauliza kwa kitu gani. Kwa hadithi?

Mpwa alikuwa amekaa pale anabandua rangi kwenye kucha. Akasema polepole, "Mjomba, ungeniambia tu. Siku ile ile ungeniambia." Nikaanza kumweleza kuhusu lori la bia. Akasema anajua kuhusu lori. Kila mtu anajua kuhusu lori, mjomba.

Amesema faini atazilipa mwenyewe. Na kuanzia Ijumaa mimi nabaki kwenye usukani mpaka nipate nafasi halali, hata nyimbo tatu zikipita. Nikipata tu, nipande.

"Na besi?"

"Kimya atashika kwa mkono wa kushoto. Kwenye kinanda."

Mkono wa kushoto! Kazi ya maisha yangu yote, mtu anaifanya kwa mkono uliokuwa umekaa bure.

Jumatatu, 16 Machi

Leo sina la kuandika.

Ijumaa, 20 Machi

Naandika nikiwa garini, daftari liko juu ya usukani.

Vyombo wameshusha wenyewe. Spika ya besi wamebeba wawili, wamepumzika kila kona, lakini imefika. Askari akaja na kile kitabu chake, akanikuta nimekaa. "Aaa, baba, leo upo. Leo sikuandikii." Kama vile ananipa zawadi! Akaniambia nisogee. Nimezunguka mtaa huu mara tisa. Mara ya saba akaanza kunipungia mkono kama jirani.

Madirisha ya juu yako wazi. Nimesikia wameanza. Nikazima redio, nikatega sikio nimkamate Kimya anapokosea. Wimbo wa kwanza alichelewa mara mbili — hapana. Humu hakuna wa kumdanganya. Hakuchelewa. Ni besi nyembamba, haina nyama, lakini haikuchelewa. Na watu wakapiga makofi. Yale yale ya wiki iliyopita.

Wa pili. Makofi. Wa tatu. Makofi.

Sasa hivi gari jeupe limetoka mbele ya duka la dawa. Nafasi halali kabisa, na kibao kinasema kuanzia saa moja jioni haina malipo. Niko hatua nne kutoka hapo. Gitaa langu liko kiti cha nyuma. Nikiingiza gari, nafunga mlango, napanda ngazi, niko jukwaani. Mpwa alisema mwenyewe nikipata tu nipande. Wala sihitaji kumwomba mtu.

Teksi imesimama nyuma yangu, inapiga honi. Dereva ametoa kichwa dirishani. "Mzee, unaingia au huingii?"

Huko juu pamekuwa kimya. Najua kinachofuata. Ni ule wimbo unaoanza na besi peke yake, mizunguko minne, hakuna ngoma, hakuna sauti, bendi nzima imesimama inamtazama mpiga besi. Mimi ndiye niliyeutunga ule mwanzo. Hilo ni kweli, hata Kimya hawezi kubisha.

"Mzee!"

Ngoja kwanza. Kimya ameanza.