Maji ya Mchangani

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia hapa Haneti, mama yako mdogo kanisomea barua mara mbili. Uwele umechanua, na yule mbuzi wako mweupe kazaa.

Unauliza, hamu ya masomo ikiisha, mtu anaipata wapi tena. Nilipokuwa msichana tulikuwa tukichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Siku moja nilichimba kwa pupa, nikakuta unyevu tu. Nikazidi kuchimba, kingo zikaporomoka zikafukia shimo. Nikachimba upya, nikachoka, nikakaa pembeni na kata ya kibuyu mapajani. Upepo ulikuwa mwanana, nikawa kama ninaota. Nilipochungulia shimoni nikaona wingu dogo limelala chini. Kumbe maji yalikuwa yamejikusanya, wala sikuyasikia yakija.

Nilichota kata moja, nikasubiri, nikachota nyingine, mpaka ndoo ikajaa. Shimo nikalifunika kwa miiba kama tunavyofanya sote, mbuzi wasilivuruge kabla ya mwenzangu kufika.

Sijui kama nimekujibu. Ukija likizo twende mtoni. Utachimba wewe, maana una nguvu. Kukaa nitakufundisha mimi.

Bibi yako