Mawaridi ya Mama Yako

Mwanangu,

Jumanne ndiyo siku mambo yalipoharibika. Watu wa manispaa walikuja kukata ile miti iliyojiotea ukutani. Nikawaambia, "Jamani, dawa ya kuua miti ipakeni kwenye visiki kwa brashi, mawaridi ya marehemu mke wangu yako hapo hapo." Mkubwa wao akasema, "Mzee, pumzika," akaamuru wapulize kwa bomba. Wakubwa hawa hawaambiliki!

Leo asubuhi nimekuta mawaridi yote yamejikunja. Naenda ofisini kwao, ingawa najua nitazungushwa tu.

Chai iko kwenye chupa. Kitawi kimoja kilikuwa bado kibichi, nimekichomeka kwenye kopo dirishani. Kitilie maji kidogo. ~~Kikinyauka tupa.~~ Usikitupe hata kikinyauka. Mama yako hakuacha kingine alichopanda kwa mkono wake. Kitashika kweli?

Baba