Si Utomvu wa Ndizi

Pasiansi, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua imewafikia na kifua cha Baba kimetulia. Mimi ni mzima, ila kusimama kliniki ya ngozi kutwa kunachosha.

Shangazi Koku amenipigia. Anasema umekataa kumenya ndizi kwenye harusi ya mdogo wangu, eti wanawake watatazama kucha zako. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Juzi alikuja mama mmoja anayepaa samaki mwaloni, pale sokoni ufukweni mwa ziwa, mikono kaificha ndani ya kanga. Amemeza dawa za fangasi miaka na miaka.

"Usinishike, daktari, nitakuambukiza."

Daktari anayenifundisha akamshika mikono yote miwili, akaniita. Kucha zilikuwa na vijishimo, kama zimedonolewa kwa sindano, na chini ya moja kulikuwa na doa kama tone la mawese. Kisha akatazama viwiko, nyuma ya masikio, ndani ya nywele. Magamba meupe.

"Mgonjwa wa kucha usimwangalie kucha tu," akaniambia.

Ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Hata hivyo alikata kipande cha ukucha kipimwe fangasi, maana vyote viwili huweza kukaa pamoja.

"Basi mwambieni mume wangu," yule mama akasema, "siku hizi hata ugali anakula kwa kijiko!"

Tulicheka. Kicheko changu kiliishia njiani, Mama, kwa sababu nilikuwa naona vidole vyako.

Weusi wa kucha zako, sote nyumbani tulisema ni utomvu wa ndizi. Nawe kila jioni unachokonoa chini ya kucha kwa ncha ya kisu cha kumenyea, uutoe. Tafadhali acha. Ukichokonoa, ukucha unazidi kubanduka. Zikate fupi, zipake mafuta, vaa glavu ukifua. Halafu niambie kweli: asubuhi vidole vinavimba na kukakamaa? Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko sura ya kucha, maana soriasisi huweza kushambulia hata viungo, na vikishaharibika havirudi.

Sijakuona, kwa hiyo sisemi ndiyo hiyo. Panda meli uje kabla ya harusi. Usipake hina wala rangi. Nataka kuziona zilivyo.

Nisalimie Baba, na Bibi aliyenifundisha kumenya. Shangazi Koku mwambie akuwekee kisu na nafasi katikati ya wanawake. Mimi nitakaa ubavuni mwako, nikimenya. Atakayeuliza habari za kucha, nitamjibu mimi.

Mwanao,
Kemi