Kiatu Kilichoanguka Mguu Usijue

Kamembe, Rusizi

Maman yangu,

Mimi mtoto wako Fiston, yule mzuri kuliko wote uliozaa (Yaya Solange, dada yangu, soma hivyohivyo, usipunguze), nakupigia goti kwenye karatasi, maana goti lenyewe siku hizi halipendi kupigwa. Kifua kinasemaje? Kile kikohozi kimekuacha? Muhogo mmeshang'oa, ao nguruwe wa jirani wamewatangulia tena? Huku mvua inapiga kila mchana, ziwa limekuwa rangi ya maji ya kuoshea sahani, na mimi nakula vizuri. Hilo ni kweli. Mengine niliyokuambia kwa simu si yote kweli, njo maana naandika. Kwa simu ungenikata neno la kwanza, ungelia, na unite za simu zingeisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kaa chini kwanza. Solange, mpe maji.

Unakumbuka nilisema niliteleza wakati wa kuoga, nikaumia mgongo kidogo? Nilidanganya. Huku naogea kwenye beseni, ningetelezea wapi?

Ilikuwa kule Giheke, baada ya mvua. Pikipiki ya mwenzetu mmoja ilizama kwenye tope mpaka injini, na motari watatu wakubwa, wabeba abiria wa pikipiki kama mimi, wamesimama wanakuna vichwa. Nikawaambia, "Mukae pembeni, batoto, mutazame namna muntu wa Kalemie anafanya." Nikaishika nyuma peke yangu, nikainyanyua. Ilitoka, Maman! Waulize hata leo. Lakini kitu ndani ya kiuno kililia *tak*, nikabaki nimeinama vilevile, naangalia vidole vyangu, na wale wajinga wanapiga makofi wakidhani nawashukuru.

Daktari alinieleza kwa chakula, pengine aliona sura yangu si ya muntu wa shule. Alisema kati ya mifupa ya mgongo kuna diske, laini kama kitumbua. Changu kimeminywa, kimetoka pembeni, kinabana mshipa unaoshuka mguu wa kuume. Na kweli, kuanzia tako mpaka vidole ilikuwa pilipili tupu. Nililala chini juu ya mkeka miezi minne, pikipiki yangu imesimama pembeni ya kichwa, nimeifunika shuka safi kuliko yangu. Bosco, yule motari ninayepanga naye chumba, alikuwa ananivalisha soksi. Ukikutana naye usimwambie nimekubali hilo.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, nikaamka pilipili imekwisha. Kimya. Nikapiga mguu ukutani: hauumi. Nikaimba mpaka jirani akagonga. Muntu asipoumwa si amepona?

Kine wa hospitali, yule anayefundisha wagonjwa kunyoosha mwili, alikuwa ameniambia nisiguse pikipiki mpaka anipime mguu siku ya Alhamisi. Nilienda Alhamisi, haki ya Mungu nilienda. Nikakuta foleni ya wazee na fimbo zao, nikajitazama mimi, kijana wa kung'aa, nikasema hawa si wa kundi langu. Nikageuka nikarudi nyumbani kufuta vumbi kwenye pikipiki.

Jumatatu nikaingia kituoni kwetu. Maman, ungeona! Huku motari akirudi kutoka kitandani, wenzake wote wanapiga honi pamoja, na mteja wa kwanza anayefika ni wake, hata kama kuna kumi wamemtangulia. Nilivaa jile, kile kizibao changu cha kazi, kaske ya kichwani imeoshwa kwa sabuni, na mokasini nyeusi za kung'aa, zile za ubatizo wa mtoto wa Bosco.

Bosco akapiga mluzi. "Aah, bwana harusi! Unaoa nani leo, pikipiki?"

"Weye nyamaza. Bakubwa njo banavaa hivi."

Ukweli ni kwamba nilishindwa kuinama kufunga kamba za buti. Na pale nyumbani hakukuwa na muntu wa kuniinamia, maana Bosco alishatoka. Mokasini unachomeka tu mguu, unaenda.

Mteja wangu wa kwanza akawa Maman Feza, mama mmoja wa Nzahaha anayepeleka mboga za lengalenga kuuza ng'ambo, Bukavu. Alipanda na kitunga chake magotini, akaniambia twende mpaka mpakani, pale Rusizi ya Pili.

"Papa, enda polepole. Mi si mfuko wa sementi."

"Maman, kaa utulie. Uko na dereva wa kwanza wa wilaya."

Honi zote zikalia, tukateremka.

Yaya Solange hajui pikipiki, kwa hiyo nieleze. Ile njia ya kushuka mpakani inainama kweli, na ina kona. Freni ya nyuma unaikanyaga kwa mguu wa kuume, polepole, toka juu mpaka chini. Ya mbele ni ya mkono. Ukiivuta peke yake kwa pupa kwenye mchanga, mnalala chini wote, weye na abiria. Mimi njia hiyo naijua kama njia ya kwenda jikoni kwako. Nikakanyaga.

Pikipiki haikupunguza.

Nikakanyaga tena, kwa nguvu. Nikaona paja langu linafanya kazi, msuli umesimama. Hakuna kitu. Chini, baada ya kona, malori yamepanga mstari yanangoja kuvuka. Nikatazama mguu.

Maman, mguu ulikuwa mtupu. Hakuna kiatu. Vidole vimekaa juu ya chuma cha kuwekea mguu, mbali na freni, vinasukuma chuma kile bure, na kidole gumba kimechubuka kinavuja damu. Na mimi sina habari! Sikusikia kiatu kutoka, sikusikia upepo, sikusikia chuma, wala kidonda. Nilishtuka kama muntu anayekuta mgeni ndani ya nyumba aliyofunga mwenyewe. Ule mguu nilizaliwa nao, weye njo uliuosha wa kwanza, na ulikuwa unanitazama kama hatujuani.

Sijui nilifanyaje. Nilishusha vitesi, zile gia, kwa mguu wa kushoto mpaka injini ikapiga kelele, nikavuta freni ya mkono kidogo kidogo, nikaegemea ukingo wa udongo upande wa mlima, tukaukwaruza mpaka tukasimama. Kati ya gurudumu langu na mkia wa lori la mwisho ungeweza kuweka kiti kimoja. Kimoja, Maman, na si kile kipana cha Mzee, papa yetu.

Maman Feza alibaki amekaa nyuma yangu na kitunga chake. Kisha akanipiga kofi juu ya kaske, *paa!*

"Kijana."

"Maman."

"Kiatu yako iko wapi?"

Nikatazama mguu tena.

"Nauliza, kiatu yako iko wapi? Kule juu ulikuwa nayo. Niliiona, ilikuwa inang'aa kupita sura yako."

Unanijua mimi. Nilifungua mdomo nitoe mzaha, na mdomo ukakosa kitu. Ni mara ya kwanza toka nizaliwe. Akateremka, akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akachuchumaa pale barabarani.

"Tazama kule ng'ambo. Unasikia hii?"

"Ndiyo."

"Nakuchoma wapi?"

"Kwenye kisigino," nikajaribu bahati.

"Geuka."

Nikageuka. Pini ilikuwa imesimama yenyewe kwenye kidole kidogo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Niko na batoto bane. Nimebaacha asubuhi na uji. Na weye ulikuwa unanipeleka na mguu ya muntu amekufa."

"Maman, unisamehe."

"Kusamehe ni kazi ya kesho. Utabaambia benzako weye mwenyewe, ao nipande nibaambie mimi?"

"Nitabaambia."

"Leo."

"Leo, Maman."

Akajitwisha kitunga, akashuka kwa miguu mpaka darajani. Majani ya lengalenga yalikuwa yanatetemeka kichwani kwake, na upepo haukuwepo.

Nikabaki pale. Nusu saa hivi, Bosco akafika na pikipiki yake, ameshika mokasini yangu juu kama kombe la mpira, anacheka mpaka machozi. Kumbe kiatu kilianguka kwenye kona ya kwanza kabisa, pale karibu na kituo, kabla mteremko haujaanza. Mlima wote niliushuka bila kiatu.

"Bwana harusi! Umemkimbia bibi ao umemwachia mahari?"

Sasa sikia, Maman. Ingetosha kucheka. Ningecheka tu, ningevaa kiatu, ningesema kilibanwa na kitunga cha yule mama, na kesho ningepanda tena nikiwa na buti. Kicheko kilikuwa tayari mdomoni. Bila pikipiki mimi ni nani huku? Motari wa Kalemie anayenyanyua tope na injini yake, au kijana wa kuvalishwa soksi? Nikamtazama Bosco, nikakumbuka bibi yake naye hupanda pikipiki zetu, mtoto mgongoni.

"Bosco, sisikii mguu."

"Unauma tena?"

"Hauumi. Njo shida. Hauko."

Akaacha kucheka. Akafunga pikipiki yangu kwa kufuli, akanipakia nyuma yake kama abiria, tukapanda. Pale kituoni nikamwambia Mzee Silas, mkubwa wetu, mbele ya wote, nikingoja wanicheke. Hakuna aliyecheka. Hilo lilinitisha kuliko malori. Mzee Silas akanifungua jile mwenyewe, akasema, "Na funguo." Nikatoa.

Kesho yake nilikaa kwenye foleni ya wazee mpaka zamu yangu. Kine alinipima, akanikasirikia kama weye. "Nani alikudanganya kwamba kutoumwa ni kupona? Mshipa ukiuma bado unaita. Wako ulikuwa umechoka kuita." Maman, mimi ule ukimya niliuimbia wimbo! Bado nashtuka nikikumbuka. Sasa wananipeleka kwa daktari mkubwa wa Kigali wiki ijayo, pengine watapasua. Mguu unaweza kurudi, unaweza usirudi, hakuna anayeniapia. Usipande boti kuja. Ukija utanililia, na wagonjwa wengine watajua mimi ni kitinda mimba.

Msalimie Mzee, mwambie kile kisa cha bafuni alikuwa na haki kukitilia shaka. Msalimie bibi yetu mkongwe anayenipigia kelele hata kwenye ndoto, yule aliyemlea Solange, na mjomba mshona viatu. Huyo nina swali kwake kuhusu mokasini. Na batoto ba Yaya wote, isipokuwa yule aliyeniita kilema mwaka jana nikiwa mzima.

Jambo la mwisho. Yaya aliniandikia kwamba Jumapili unataka kupeleka kuku kanisani, usimame mbele ya watu useme mgongo wa mwanao umepona. Usiseme hivyo, nakuomba. Lakini kuku mpeleke. Simama, useme kuna mama mmoja wa Nzahaha, hamumjui, alifika sokoni kwa miguu yake, na jioni akarudi kwa batoto bane.

Mtoto wako, mdomo mzima, mguu bado tunaujadili,

Fiston