Majina ya Kwenye Masweta

Bulyaga, Tukuyu

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, akiitika ndipo uendelee. Miguu yake vipi? Bado anapakwa yale mafuta ya karafuu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua haijakatika tangu mwezi uandame, hata kanga naanikia juu ya jiko. Msomee Mama barua yote, na ukifika penye aibu yangu usiruke.

Umeniuliza mara mbili habari ya posa ya Zuhura, na mimi kimya. Sikukudharau, Dada. Nilikuwa na jambo limenikaa kooni.

Unajua siku hizi hatushoni nguo mpya. Tangu mitumba iruhusiwe, baba Zuhura kazi yake kupunguza suruali za watu, na mimi nauza masweta, maana baridi ya huku haina msimu. Likizo ya mwisho wa mwaka Zuhura alinisaidia kufungua mabelo ya mitumba. Masweta mengine yana maandishi kifuani, nikamwona anayanakili kwenye daftari. Nikadhani anaorodhesha mali. Kumbe ni majina ya vyuo vikuu vya nje, na mtoto huyu wa kidato cha sita, bila kumwambia mwalimu wala mzazi, alikuwa akiviandikia kimoja kimoja kuomba nafasi. Vyuo kumi na kimoja. Stempu alizipata kwa kuwasuka nywele wanawake wachuma chai siku za Jumapili.

Karani wa posta alimcheka. "Binti, barua hii haina sanduku la posta. Jina na mji tu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye sweta. Chuo kizima hakiwezi kukosekana katika mji wake," akamjibu.

Shuleni barua za wasichana hufunguliwa, kwa hiyo majibu aliyaelekeza kwenye sanduku la jirani yetu Mama Subilaga, Mnyakyusa muuza ndizi. Mwezi wa pili Mama Subilaga akaniletea bahasha nene yenye stempu ya ndege mwekundu.

"Mwe, mama Zuhura, binti yako kapata mzungu. Tandika mkeka, mkwe anakuja."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Niko ugenini, nyie huko mna posa ya watu mkononi, na mtoto anaandikiana na mwanamume wa ng'ambo. Kiingereza sijui, na kumwonyesha mtu anisomee niliona ni kujivua nguo. Nikaisukuma ile bahasha chini ya belo la makoti. Ikakaa humo wiki tano.

Zuhura akaja likizo fupi, amekonda. Neno la kwanza: "Mama, hakuna barua yangu?" Nikasema hakuna. Nilisema hivyo, Dada, nimeliegemea lile belo lenyewe.

Siku ya tatu nawamiminia chai, namsikia anamwambia baba yake, "Baba, niliandika kuomba vyuo vya nje. Vyote kimya. Nadhani waliona nataka makubwa."

"Vyuo gani?"

"Vya kwenye masweta ya Mama."

Baba yake akaweka kikombe chini. "Uliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Nikaondoka, nikaenda kuivuta ile bahasha, nikamwekea mapajani. Aliichana, akainuka, akaisoma amesimama. Chuo kimoja cha Marekani kimempenda. Wanataka fomu yenye sahihi ya mzazi, na siku zilizobaki zilikuwa za kuhesabu.

Akampa baba yake kalamu. Baba yake akanipa mimi. "Aliyeificha ndiye atakayeitia sahihi."

Dada, mimi kila ofisi ninayoingia, wakishaniona na kanga zangu huniletea kidau cha wino nitie dole gumba, hawaulizi kama najua kuandika. Na mimi miaka yote nimetia. Siku hiyo mkono ulikuwa mzito kama nabeba maji. Zuhura akaniinamia, "Polepole, Mama. Fomu ni moja." Nikaandika jina langu herufi kwa herufi mpaka likaisha.

Posta fomu niliipeleka mwenyewe, nimeifunga kwenye nailoni ndani ya kanga, mvua yote ikaishia mgongoni mwangu. Yule karani akaitazama. "Ndicho kile chuo cha kwenye sweta?" Nikamwambia ndicho, na muhuri wako ugonge usomeke.

Jana jibu limefika. Nafasi ni yake, masomo na malazi wanabeba wao, mradi afaulu mtihani wa mwisho. Mama Subilaga ametangaza mpaka kwao Nkunga kama yeye ndiye aliyezaa, na ametuletea mkungu mzima. "Mkwe nilimkosea," anasema, "lakini sherehe ipo."

Lile sweta la chuo chenyewe nilishaliuza. Jumamosi nimemwona mama mmoja wa Kisondela amelivaa sokoni, nikasimama namsoma kifuani kama mtoto anayesoma ubao. Akaniuliza kama namdai. Nikamwambia hapana, limekupendeza tu.

Naogopa, sikufichi. Naogopa atakula nini, nani atamwamsha alfajiri. Lakini posa ya watu warudishieni kwa maneno mazuri, waambieni binti bado anasoma. Na wewe ndiye somo yake wa kumfunda. Ya unyagoni yaweke kwanza, uje umfunze kuishi na watu wasiomjua, kama ulivyonifunza mimi nilipoletwa huku mlimani.

Nisalimie mjomba Hamisi fundi seremala, shangazi anayetuuzia ukindu, na shemeji yangu, mwambie kofia yake inashonwa.

Mama mwambie hivi. Baba hakuwahi kupita Nangurukuru, hapo jirani tu, maisha yake yote. Lakini sahihi walitaka jina kamili, na jina langu haliishi bila lake. Limefika Marekani kabla ya mtu yeyote wa kwetu, na nimeliandika kwa mkono wangu, kama ninavyoliandika hapa.

Mdogo wako,
Mwanahawa binti Salum